Namba 7 ya Biyombo, na karatasi ambayo mtoto wa Kilwa hana

Usiku wa tarehe 23 Juni 2011, timu tatu za basketi ya kulipwa huko Marekani zilimaliza biashara ambayo mji wa Lubumbashi ulikuwa ndani yake bila kuitwa mezani. Sacramento Kings walitoa zamu yao ya 7 ya kuchagua mchezaji kijana. Charlotte Bobcats wakaipokea. Milwaukee Bucks wakaingia katikati kama mtu wa tatu. Kwa zamu hiyo alichaguliwa Bismack Biyombo, kijana wa miaka 18 aliyezaliwa Lubumbashi.

Tuangalie kilichobadilishana mikono. Charlotte ilimwachilia Stephen Jackson, mfungaji wake mkubwa wa msimu ule, pamoja na Shaun Livingston na zamu ya 19. Ikapata Corey Maggette na ile zamu ya 7. Sacramento ikashuka hadi zamu ya 10 na kumrudisha John Salmons. Milwaukee ikabaki na Jackson, Livingston, Beno Udrih na zamu ya 19. Kwa jumla ni wachezaji watano waliokwisha kujulikana na zamu tatu za vijana ambao hawajawahi kucheza hata dakika moja ya NBA.

Tangu siku hiyo imepita zaidi ya miaka kumi, na jina la Biyombo linajulikana kwenye viwanja vya basketi vya Haut-Katanga. Kisichojulikana sana ni hesabu iliyofanywa kabla jina lake halijasomwa. Hesabu hiyo inawahusu wazazi, waalimu na viongozi wa michezo kutoka Lubumbashi hadi Kilwa, kwa kuwa inaonyesha jambo moja waziwazi: katika soko la dunia, kitu kinapata bei pale kinapoandikwa. Vipaji vingi vya vijana wa hapa havijaandikwa popote.

Zamu ni kama kibali cha mgodi

NBA ina timu 30. Kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa sita, timu hizo zinapanga foleni na kuchagua vijana wapya katika duru mbili. Foleni hiyo ndiyo inaitwa drafti. Timu zilizofanya vibaya msimu uliopita zinaingia kwenye bahati nasibu ya kupata nafasi za mbele, na zilizofanya vizuri zinasubiri nyuma. Timu ikishamchagua kijana, ni hiyo peke yake katika NBA yenye haki ya kumpa mkataba. Kijana mwenyewe hachagui mji.

Kwa sababu hiyo zamu ya kuchagua ni mali. Timu inaweza kuitumia, au kuibadilisha na mchezaji, au na zamu nyingine. Kanuni inaruhusu kutoa zamu ya hadi miaka saba mbele. Mtoto atakayechaguliwa kwa zamu hiyo anaweza kuwa bado yuko shule ya msingi, na hakuna anayejua jina lake. Lakini zamu yenyewe ina mwaka, ina duru, ina mwenyewe, na kwa hiyo ina bei.

Mtu wa Kilwa hahitaji maelezo marefu hapo. Kilomita kama 50 kaskazini mwa mji huo wa kando ya Ziwa Moero kuna mgodi wa Dikulushi, wa shaba na madini ya fedha. Kampuni ya Anvil Mining ilianza kuchimba pale mwaka 2002, na madini yalivushwa ziwa hadi Zambia kabla ya kuendelea na safari ya kwenda kuyeyushwa mbali. Watu wa huko wanajua kwamba kibali cha mgodi kinauzwa hata kabla sururu haijagusa udongo. Zamu ya drafti inafanana na kibali hicho. Ni haki ya kuchimba mahali penye dalili ya madini, bila hakika ya kitakachopatikana.

Bei inatoka wapi

Bei ya zamu inatoka kwenye mambo matatu.

La kwanza ni mshahara. Kijana wa duru ya kwanza analipwa kufuatana na jedwali lililopangwa mapema. Mkataba wake unaweza kufika miaka minne, na kwa miwili ya mwisho ni timu inayoamua kama inaendelea naye. Akigeuka nyota, timu inapata kazi ya nyota kwa malipo ya mwanafunzi. Tofauti hiyo kati ya kazi anayoitoa na pesa anayolipwa ndiyo faida inayotafutwa.

La pili ni nafasi kwenye foleni. Zamu ya 1 haikaribiani kabisa na zamu ya 10 kwa thamani, lakini zamu ya 20 na ya 25 zinakaribiana. Ndiyo sababu timu zinaweka ulinzi kwenye zamu wanazotoa. Wanaandika, kwa mfano, kwamba zamu itahama isipokuwa ikiangukia kati ya tatu za kwanza. Mstari mmoja kama huo unaweza kubadilisha maisha ya timu mbili.

La tatu ni shaka. Katika drafti hiyohiyo ya 2011, Kawhi Leonard alichaguliwa wa 15 na Indiana Pacers, ambao usiku uleule walimpeleka San Antonio ili wampate George Hill. Jimmy Butler alikuwa wa 30. Isaiah Thomas alikuwa wa 60, yaani wa mwisho kabisa. Wote watatu walifika kucheza mechi ya nyota wa NBA. Hakuna anayejua kwa hakika mgodi upi una madini, kwa hiyo timu zenye akili zinakusanya vibali vingi.

Mfano unaotajwa sana ni wa Oklahoma City. Mwezi wa saba mwaka 2019 walimtoa Paul George kwa Los Angeles Clippers. Walipokea kijana Shai Gilgeous-Alexander, Danilo Gallinari, zamu tano za duru ya kwanza na haki mbili za kubadilishana zamu. Moja ya zamu hizo ilikuja kuwa ya 12 mwaka 2022, na wakamchagua Jalen Williams. Mwaka 2025 Oklahoma City wakawa mabingwa, Gilgeous-Alexander na Williams wakiwa mstari wa mbele.

Hata hivyo, soko hilo lina breki. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwenye timu ya Cleveland, Ted Stepien, alitoa zamu za timu yake ovyo mpaka viongozi wa NBA wakaingilia kati. Kanuni iliyotokana na hayo, ambayo bado inabeba jina lake, inakataza timu kubaki bila zamu ya duru ya kwanza kwa miaka miwili ijayo inayofuatana. Hata kwa matajiri, mtu hakubaliwi kuuza kesho yote ya nyumba yake. Jambo hilo lingefaa kukumbukwa pia katika nchi ya madini.

Goma nayo imepita njia hiyo

Lubumbashi si mji pekee wa mashariki na kusini mwa Congo uliokutana na hesabu hii. Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Mwezi wa pili mwaka 2020, akiwa bado kijana wa shule huko Marekani, Minnesota Timberwolves walimtaka D'Angelo Russell wa Golden State Warriors. Ili kumpata, walitoa Andrew Wiggins pamoja na zamu yao ya duru ya kwanza ya mwaka 2021. Ulinzi ulikuwa hivi: ikiangukia kati ya tatu za kwanza, Minnesota wangebaki nayo mwaka huo.

Ikaangukia namba 7. Golden State wakaichukua na kumchagua Kuminga mwezi wa saba 2021. Mwaka uliofuata alikuwa bingwa wa NBA, akiwa bado na miaka 19.

Kuna jambo la kushangaza kidogo katika namba hiyo. Biyombo wa Lubumbashi alikuwa wa 7 mwaka 2011. Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa wa 7 mwaka 2015. Kuminga wa Goma alikuwa wa 7 mwaka 2021. Aliyewatangulia wote na kupita juu yao ni marehemu Dikembe Mutombo, wa 4 mwaka 1991. Kwa nchi ambayo viwanja vyenye paa vinahesabika kwa vidole, si haba.

Jirani naye amejiunga. Khaman Maluach wa Sudan Kusini, aliyekulia Uganda na kupita kwenye akademia ya NBA huko Senegal, alichaguliwa wa 10 mwaka 2025. Zamu hiyo ya 10 ilikuwa sehemu ya malipo ya Houston kwa Phoenix ili wampate Kevin Durant. Tena ilikuwa zamu ya Phoenix wenyewe tangu mwanzo. Waliitoa mwaka 2023 walipomnunua Durant kutoka Brooklyn, ikapita mikono ya Brooklyn na Houston, kisha ikarudi kwao walipomwachia Durant huyohuyo. Karatasi moja ilizunguka miji mitatu ya mawazo na mikataba, na kila aliyeishika alipata kitu.

Nani hayumo kwenye orodha

Hapo ndipo swali linapoanza kuuma. Katika biashara ya 2011, kila aliyekuwa na karatasi alihesabiwa. Sacramento walikuwa na zamu. Charlotte walikuwa na mkataba wa Jackson. Fuenlabrada, klabu ya Hispania ambako Biyombo alikuwa akicheza, ilikuwa na mkataba naye, kwa hiyo ilikuwa na neno la kusema kabla hajaondoka. Ila kanuni za drafti hazina mstari hata mmoja unaoutaja uwanja wa mtaa ambako kijana alishika mpira kwa mara ya kwanza, wala mwalimu aliyemfundisha kuruka.

Katika kandanda hali ni tofauti, na mashabiki wa TP Mazembe wanalijua jambo hilo. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Tangu mwezi wa kumi na moja 2022 kuna ofisi maalumu ya FIFA huko Paris inayosimamia malipo hayo. Inafanya kazi kwa kufuata pasipoti ya mchezaji, yaani orodha ya klabu zote alizoandikishwa, mwaka kwa mwaka. Klabu isiyomwandikisha mtoto wake haionekani kwenye orodha hiyo, na isiyoonekana hailipwi.

Basketi ya Marekani haina kitu kama hicho. NBA haibadilishani wachezaji kwa bei ya pesa kama Ulaya inavyofanya katika kandanda. Inabadilisha mchezaji na mchezaji, au mchezaji na zamu. Asilimia 5 ya zamu ya 7 haiwezi kutumwa benki. Vijana wengi pia wanapitia shule na vyuo vya Marekani, ambavyo havihesabiwi kama klabu. Kwa hiyo thamani inazaliwa, inapanda na kubadilishwa ndani ya ukuta mmoja.

Wapo watakaosema kwamba kijana si jiwe la shaba, na kwamba kuongea hivi ni kumfanya mtu bidhaa. Wana haki ya kuuliza. Jibu ni kwamba kinachobadilishwa ni haki ya kumpa mkataba, na mchezaji analipwa vizuri kuliko karibu kila mfanyakazi duniani. Mwaka 2016, baada ya kuokota mipira 26 iliyorudi katika mechi moja ya Toronto dhidi ya Cleveland, Biyombo alipata mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka minne huko Orlando. Hakuna wa kumwonea huruma. Swali linahusu wale wanaobaki nyuma yake, kwenye kiwanja kilekile.

Wengine watasema Biyombo amekwisha kuwakumbuka. Ni kweli. Baada ya baba yake kufariki mwaka 2021, alitoa mshahara wake wote wa msimu ule, zaidi ya dola milioni moja, ili hospitali ijengwe Congo kwa jina la mzazi wake. Mutombo alifanya hivyo Kinshasa kabla yake, kwa jina la mama yake. Lakini wema wa mtu mmoja si kanuni. Mji hauwezi kupanga bajeti ya vijana kwa kutegemea kwamba kila baada ya miaka kumi atazaliwa mtu mrefu mwenye moyo mzuri.

Umri ni pesa

Kabla ya kudai sehemu yoyote, kuna kazi ya nyumbani. Mwezi wa nne 2011, Biyombo alicheza mechi ya vijana wa dunia huko Portland, akapata pointi 12, mipira 11 iliyorudi, na kuzuia mitupo 10. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika mechi hiyo. Bei yake ikapanda usiku mmoja. Lakini hapohapo likaanza swali lingine: je, kweli ana miaka 18? Maskauti waliuliza, magazeti ya Marekani yakaandika, na kijana akalazimika kujibu.

Swali lile halikuwa la matusi tu. Lilikuwa la hesabu. Kijana wa miaka 18 ana miaka mingi ya kukua. Mwenye 22 ana michache. Kila mwaka unaoongezwa kwa mashaka unapunguza bei. Mtoto wa nchi zenye daftari safi la vizazi haulizwi. Mtoto wa Congo anaulizwa, hata akiwa anasema kweli.

Mfano wa pili ni wa Lubumbashi vilevile. Oscar Tshiebwe alizaliwa mjini humo mwaka 1999. Msimu wa 2021 hadi 2022, akiwa chuo kikuu cha Kentucky, aliokota wastani wa mipira 15 iliyorudi kwa kila mechi na kutajwa mchezaji bora wa vyuo vya Marekani. Drafti ya 2023 ilipofika, timu zote zilimpita mara mbili. Alikuwa na miaka 23, na kwa mchezaji wa kati hakuwa mrefu sana. Alipata kazi baadaye kwa mlango wa pembeni, Indiana. Soko lile halilipi kilichofanywa jana. Linalipa miaka iliyobaki, na miaka inasomwa kwenye cheti.

Sasa turudi Kilwa. Sheria ya Congo inasema mtoto aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya muda huo ni bila malipo. Ukipita muda huo, mzazi anatakiwa kwenda mahakamani kutafuta hukumu, na hapo kuna gharama, safari na kungoja. Kwa familia ya mvuvi wa Moero, ambaye ofisi iko mbali na siku moja bila wavu ni siku bila chakula, karatasi inaahirishwa. Inaahirishwa mpaka siku mwalimu wa shule anapomwona kijana wa mita mbili na kuuliza: alizaliwa lini? Hapo tarehe inatafutwa kwa haraka, na tarehe inayotafutwa kwa haraka ndiyo inayozaa mashaka.

Kinachowezekana

Mambo manne yako ndani ya uwezo wa watu wa hapa.

Kwanza, komini na sekta zifuate watoto kule waliko. Hospitali za uzazi, shule na parokia zina madaftari. Maofisa wa vizazi wanaweza kwenda huko badala ya kungoja mezani.

Pili, shirikisho la basketi la taifa, FEBACO, pamoja na ligi za majimbo, zimpe kila mtoto anayecheza kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa, klabu na mwaka. Lubumbashi imeonyesha kwamba inaweza kufika mbali: BC Espoir Fukash ilicheza ligi ya Afrika, BAL, mwaka 2022 huko Cairo. Klabu inayoweza kufika Cairo inaweza kushika daftari la watoto.

Tatu, FEBACO itafute wenzake wa Afrika na kupeleka ombi moja kwa FIBA na NBA: mfuko wa malezi kwa klabu za mwanzo, unaohesabiwa kwa namba ya zamu. NBA ni mshirika wa FIBA katika BAL na ina akademia yake Senegal. Haiwezi kusema Afrika ni mbali. Lakini siku itakapouliza majina ya klabu za kulipwa, lazima kuwe na orodha ya kuonyesha.

Nne, pesa ya kuanzia ipo. Sheria ya madini ya 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa komini, sekta na utawala wa kimila ambako mgodi uko, na inazitaka kampuni zitoe asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji. Kiwanja kimoja cha saruji chenye nguzo mbili ni kitu kidogo katika hesabu hizo. Wakaaji wana haki ya kuuliza hesabu hiyo inasomwa wapi.

Mwezi wa kwanza mwaka 2025, Phoenix walitoa zamu yao ya drafti ya 2031 kwa Utah Jazz, wakapewa zamu tatu za duru ya kwanza. Kijana atakayekuwa na miaka 19 mwaka 2031 alizaliwa mwaka 2012. Leo yuko darasani mahali fulani, labda Goma, labda Lubumbashi, labda kwenye benchi la shule ya Kilwa. Timu mbili zimekwisha kubishana bei yake bila kumjua. Kinachotakiwa kwa watu wazima walio karibu naye ni kwamba, siku jina lake litakapoulizwa, kuwe na daftari moja mjini kwake linaloonyesha alizaliwa lini na nani alimfundisha.